Sistimu ikigoma au ikivamiwa: jipangeni kwanza, kugusa baadae

Saa nane na dakika kumi na kitu usiku seva yetu ya mafaili iligoma, na ndani ya dakika ishirini tulikuwa watu watano tumeshaingia humo humo kila mtu kivyake. Mmoja kairestati, mwingine kabadilisha mipangilio ya netiweki, wa tatu kaanza kurudisha bekapu ya jana, wa nne anapiga simu huku na kule, mimi nafuta mafaili ya muda ili diski ipumue. Kabla hakujapambazuka ikawa inafanya kazi. Tukapongezana tukaenda kulala na hakuna hata mmoja wetu aliejua nini kimeiponya. Siku ya kumi na moja ikagoma tena, saa ile ile, na logi za mara ya kwanza, yani kumbukumbu ambazo mashine inajiandikia ya kila kinachotokea, tulikuwa tumeshazifuta kwa mikono yetu wenyewe.

Mara ya pili tulienda kwa utaratibu na tukaipata. Mwongozo huu ni wa hiyo mara ya pili. Nauandika kwa ajili ya yeyote aliye kwenye timu inayolinda kompyuta, netiweki, mitambo, chochote kile ambacho kikizima watu wanakwama, na haijalishi kama shida imeletwa na mdukuzi, virusi, apdeti mbovu au kifaa kilichochoka, kwa sababu hatua za mwanzo ni zile zile. Nimeshaona mafundi wazuri sana, watu ninaowaheshimu, wanahangaika siku tatu na kitu cha masaa mawili kwa sababu tu kila mtu alikuwa anavuta kwake.

Mmoja ashike usukani

Kabla mtu hajagusa kibodi semeni kwa sauti nani anaongoza. Jina moja. Na huyo kiongozi hagusi mashine, hilo ndo gumu kuliko yote maana mara nyingi anaechaguliwa ndo fundi mzoefu na vidole vinamwasha, lakini akishaanza kuandika komandi hakuna tena anaeona picha nzima. Kazi yake ni kusikiliza, kugawa kazi, kukubali au kukataa kila badiliko linalotaka kufanywa, na kuangalia saa.

Huu utaratibu haukuanzia kwa watu wa kompyuta, ulitoka kwa wazima moto. Mwaka 1970 California iliungua vibaya, ndani ya siku 13 walikufa watu 16 na majengo kama 700 yakateketea, na walipokaa kuchunguza waliona kuna tatizo kubwa zaidi ya uhaba wa magari au watu: vikosi vya idara tofauti vilikuwa havielewani, kila kimoja kina masafa yake ya redio na maneno yake, na haijulikani nani anampa nani amri. Wakatengeneza mfumo mmoja wa kuongoza matukio ambao baadae ulichukuliwa na watu wa mafuriko, matetemeko, na sisi wa seva pia. Ndani yake kuna kanuni moja ambayo mimi naishika sana, kwamba mtu mmoja asiongoze moja kwa moja zaidi ya watu saba, na wakiwa watano ndo vizuri zaidi. Mkizidi hapo gawaneni makundi, kila kundi na mkuu wake, na wakuu ndo wanaongea na kiongozi.

Kwa timu ya kawaida majukumu ni manne tu. Kiongozi, mwandishi, wachunguzi (hawa ndo wanagusa mashine), na msemaji anaejibu simu na meseji za watu wa nje ili wengine wasisumbuliwe. Kama mko wawili basi mmoja anagusa, mwingine anaongoza na kuandika. Ukiwa peke yako bado andika.

Mwandishi ni mtu muhimu kuliko mnavyodhani

Fungueni faili moja ambalo wote mnaliona, nje ya sistimu yenye shida, alafu kila kitu kinaingia humo kwa mistari mifupi: saa, nani, kafanya nini, kaona nini. Usiandike hadithi. Hivi ndo yetu ilivyokuwa ule usiku wa pili:

02:14 seva A haijibu. B na C zinajibu kawaida.
02:17 J kaingia kwa skrini ya mbali, imemchukua sekunde 40 kukubali.
02:21 foleni ya kuandika diski imejaa, prosesa karibu yote imelala. Skrinishoti imehifadhiwa.
02:26 DHANA: bekapu ya usiku inaijaza diski. TUNATEGEMEA: tukiisimamisha foleni ishuke ndani ya dakika 2.
02:28 M kasimamisha bekapu, kiongozi karuhusu.
02:35 foleni haijashuka. Dhana peke yake haitoshi. Bekapu imerudishwa.

Angalia huo mstari wa 02:26. Mmeandika mnachotegemea kukiona kabla ya kujaribu, na mmeweka na muda. Hiyo ndo sayansi yenyewe, hamna kitu kingine kikubwa humo, maana usipoandika kabla utajikuta unasema "aah imepungua kidogo, naona inaelekea" kumbe haijapungua chochote ni wewe unatamani ipungue. Akili ya mtu aliekosa usingizi inaona inachotaka kuona.

Alafu saa. Hakikisheni saa za mashine zote zinakubaliana kabla hamjaanza kulinganisha logi. Sisi seva B ilikuwa mbele ya A kwa dakika nne na tulipoteza karibu saa zima tukiamini B ndo ilianza kusumbua, kumbe ni saa tu. Kama hazikubaliani usizirekebishe katikati ya tukio, andika tofauti ya kila mashine na uendelee, utazirekebisha yakiisha.

Zuia isisambae lakini usifute nyayo

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na wanaharibu kwa nia njema kabisa. Ukihisi mashine imevamiwa mkono unaenda wenyewe kwenye swichi ya umeme. Usizime haraka hivo. Memori ya mashine inayowaka ina vitu ambavyo diski haina: programu gani zinakimbia saa hii, zinaongea na anwani zipi, na wakati mwingine funguo za siri zenyewe. Ukizima, vyote vinayeyuka.

Mfano mzuri ni virusi vya WannaCry vya Mei 12, 2017, vilivyofunga mafaili ya watu kwenye nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali nyingi za umma Uingereza. Siku chache baadae mtafiti Mfaransa, Adrien Guinet, akagundua kwamba kwenye baadhi ya Windows za zamani zile namba tasa zilizotumika kutengeneza ufunguo zilikuwa bado zimebaki kwenye memori, na akaandika programu ya kuzitafuta na kuujenga ufunguo upya bila kulipa mtu. Sharti likawa moja kubwa, mashine iwe haijarestatiwa tangu ishambuliwe. Walioizima na kuiwasha, kwa wao mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kwaiyo fuata hivi. Chomoa kebo ya netiweki au zima waifai, mashine ibaki inawaka ila imetengwa. Kama ni mashine za kwenye wingu, badilisha sheria za ukuta wa moto ili isiongee na yeyote isipokuwa kompyuta moja ya uchunguzi, na chukua snepushoti, yani nakala ya diski ilivyo saa hiyo. Piga picha ya skrini kwa simu. Nakili memori kama mna programu ya kufanya hivo na mtu anaejua kuitumia. Nakili logi uzipeleke mahali pengine. Baada ya hapo ndo mjadili kuzima. Kuna wakati inabidi uvunje huu utaratibu, yani unaona kabisa mafaili yanazidi kufungwa moja baada ya jingine na huna namna ya kuitenga, hapo zima, mafaili yaliyobaki yana thamani kuliko ushahidi. Uamuzi huo ni wa kiongozi na uandikwe saa ngapi.

Na msizuie kitu ambacho hamjakielewa. WannaCry hiyo hiyo ilikuwa kabla ya kuanza kazi inaulizia anwani moja ndefu ya ajabu kwenye intaneti, ikijibiwa inaacha, isipojibiwa inaendelea kushambulia. Kijana Mwingereza, Marcus Hutchins, aliona hiyo anwani haina mwenyewe akaisajili, na kusambaa kukapungua sana duniani. Sasa fikiria netiweki iliyoifungia ile anwani kwa kuwa iko kwenye orodha ya vitu vibaya: mashine zilizomo zikawa haziwezi kupata jibu, na virusi vikaendelea. Ilibidi watu watangaziwe wasiifungie. Ningependa kila mtu anaeshika ukuta wa moto aikumbuke hiyo.

Nini kimebadilika, na nani hakuumwa

Haya ndo maswali mawili ninayoanza nayo siku zote, kwa mpangilio huo.

La kwanza linajulikana. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana na leo hakifanyi, kuna kitu kimebadilika katikati, iwe apdeti, mipangilio, mtumiaji mpya, mzigo umeongezeka, cheti kimeisha muda, diski imejaa. Julai 19, 2024 kompyuta za Windows kama milioni 8 na nusu, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka skrini ya bluu dunia nzima, ndege zikabaki chini, na chanzo kilikuwa faili moja la apdeti ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Ile apdeti ilitoka saa 04:09 za UTC na ikarudishwa 05:27, chini ya dakika themanini, lakini kuirudisha hakukusaidia mashine zilizokuwa zimeshaanguka kwa sababu haziwezi kuwaka ili kuipokea marekebisho, ikabidi watu wazifuate moja moja, waziwashe kwa njia ya usalama na kulifuta lile faili. Kwaiyo ukiuliza nini kimebadilika usiishie kwa mlichobadilisha nyie, ulizia na vitu vinavyojibadilisha vyenyewe usiku.

Mkiwa na orodha ndefu ya mabadiliko msiyajaribu moja moja kuanzia juu. Gaweni nusu. Chukua yale ya katikati, rudisha sistimu hadi hapo, pima. Ikiwa nzima basi mbaya yuko kwenye nusu iliyokuja baadae, ikiwa mgonjwa yuko kwenye nusu ya mwanzo, alafu gawa tena hiyo nusu. Mabadiliko 64 unampata kwa majaribio 6 tu, mabadiliko 1,024 kwa majaribio 10. Inafanya kazi hata kwa kebo ndefu na vifaa vilivyounganishwa kwa msururu, unapima katikati. Sijawahi kuona mbinu nyingine inayookoa muda kama hii na bado kila mwaka nakuta mtu anajaribu moja moja.

Swali la pili watu wanalisahau. Mashine zipi zilitakiwa ziumwe na haziumwi? Daktari John Snow mwaka 1854 London alikuwa anafuatilia kipindupindu karibu na pampu ya maji ya Broad Street, na vifo vilivyoizunguka pampu vilikuwa vingi, lakini kilichoipa dhana yake nguvu ni wale ambao hawakukaa sawa na picha. Kulikuwa na kiwanda cha bia mtaa ule ule na wafanyakazi wake hawakufa, kumbe walikuwa wanakunywa bia na kiwanda kina kisima chake. Na kulikuwa na mama mjane aliyekufa mbali kabisa, Hampstead, kumbe alikuwa analetewa maji ya pampu ile kwa sababu aliyapenda ladha yake. Yaani aliye karibu akapona na aliye mbali akafa, na vyote viwili vinaelezwa na maji. Hewa chafu, ambayo ndo wengi waliiamini wakati ule, haiwezi kueleza hayo mawili kwa pamoja.

Sisi tulikuwa na seva tatu, A, B, C, zimenunuliwa pamoja, programu zile zile, bekapu ile ile saa ile ile. A tu ndo inagoma. Tukakaa tukaandika safu tatu kwenye karatasi na kujaza kila kitu, modeli ya diski, joto, toleo la kila programu, mpaka tukafika kwenye fimwea ya kontrola ya diski, ile programu iliyo ndani ya kifaa kinachoendesha diski, na hapo A ikawa na toleo jipya, B na C la zamani. Haikuwepo kwenye orodha ya mabadiliko kwa sababu alieiweka wiki tatu nyuma hakuandika popote. Safu mbili za wazima ndo zilimwonyesha mgonjwa.

Na chukulieni kwa uzito vitu vidogo visivyoeleweka. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia ukiwa mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, akiwa anapima kitu kingine kabisa. Wengi tungepita. Yeye akafuatilia na kukuta mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya maktaba ya xz, kodi ya kubana mafaili inayotumiwa na programu nyingine, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na akatangaza tarehe 29 kabla haijafika kwenye seva nyingi za dunia. Nusu sekunde! Kwenye faili la tukio wekeni sehemu ya "vitu vya ajabu" na kila anaeona kitu akiandike hata kama hakihusiani.

Badiliko moja kwa wakati mmoja

Hii nitaisema haraka. Unabadilisha kitu kimoja, unapima, kama hakikusaidia unakirudisha kilivyokuwa, ndo unaenda kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikapona hujui kipi, na vile viwili visivyohusika vimebaki humo ndani vinasubiri kukuletea shida mpya mwezi ujao. Watu wakianza kukuharakisha kiongozi ndo anabeba huo mzigo, wachunguzi waendelee.

Mkiwa wachache kuliko kazi

Hapa nataka kukaa kidogo. Mara nyingi shida inajulikana na dawa ipo, tatizo ni kwamba mashine ni mia nne na nyie watatu. Mnaanzia wapi?

Mwisho wa mwaka 1966 Daktari William Foege alikuwa mashariki ya Nigeria kwenye kazi ya kutokomeza ndui, na chanjo aliyokuwa nayo haitoshi kuchanja watu wote. Walichofanya yeye na wenzake ni kutafuta wagonjwa kwanza, wakatumia redio za wamisionari, jioni jioni wanaulizana nani kaona ndui na wapi, wakipata wanachanja wanaomzunguka mgonjwa, alafu wanachanja sehemu ambazo ugonjwa una uwezekano wa kwenda baada ya hapo, wakiangalia familia zinatembeleana wapi na masoko yako wapi. Milipuko ikakatika bila kuchanja kila mtu. Njia hiyo ndo ikawa nguzo ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, na mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa ugonjwa umekwisha. Ali mwenyewe baadae alijitolea kwenye kampeni ya polio akiwashawishi wazazi wachanje watoto, na jambo hilo linanigusa kila nikilikumbuka.

Leteni hiyo kwenye mashine zenu. Hatua ya kwanza ni kujua ilipo, maana yake ulinzi wa kutazama uwe kwenye netiweki nzima hata kama dawa haitoshi. Hatua ya pili chanja wanaogusana na mgonjwa: mashine zinazotumia paswedi zile zile, zinazoshea mafolda, ambazo mgonjwa aliziingia wiki iliyopita. Ya tatu chanja njia anayoweza kupita, yani mashine zinazoonekana kutoka intaneti na zile za wasimamizi ambazo zina funguo za kila mahali. Kompyuta iliyo kwenye chumba cha mwisho isiyounganishwa na kitu inaweza kusubiri hata kama mwenye nayo ni bosi na anapiga simu kila nusu saa. Chora ramani ya nani anaongea na nani, hata kwa kalamu, ndo soko na ndugu zako hao.

Bekapu isiyojaribiwa usiihesabu

Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kodi za waandishi wa programu, usiku, amechoka, alifuta folda la database akidhani yuko kwenye seva ya pili kumbe yuko kwenye seva kuu. Akashtuka baada ya sekunde moja au mbili. Katika gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5 hivi. Wakakimbilia bekapu: ile ya kila siku ilikuwa inafeli kimya kimya kwa sababu programu ya kuichukua ilikuwa toleo lisiloendana na database, na barua pepe za kuonya kwamba inafeli zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua kwa hiyo hakuna aliezipata. Kilichowaokoa ni snepushoti ambayo mtu aliichukua kwa mkono masaa kama sita kabla, kwa shughuli nyingine. Wakapoteza data ya masaa hayo sita, na nawaheshimu sana kwa kuandika yote hadharani, wengi tumejifunza kupitia wao.

Kwaiyo panga siku, kila mwezi au kila miezi mitatu, chukua bekapu halisi uirudishe kwenye mashine tupu, pima imechukua muda gani na ufungue mafaili uone yana kitu. Andika huo muda. Siku ya tukio mtu akiuliza tutarudi lini una namba ya kweli. Weka nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja iwe mbali na isiyofikika kwa paswedi zile zile za kila siku, kwa sababu wanaofunga mafaili siku hizi wanaanza kwa kutafuta bekapu. Na rangi ya skrini ya seva kuu iwe tofauti na nyingine, nyekundu kabisa. Ni dakika mbili kuiweka.

Njia ya kuongea iwe nje ya nyumba inayoungua

Novemba 2, 1988 mnyoo wa Robert Morris, yani programu inayojisambaza yenyewe, uliziingia mashine za intaneti ya wakati ule na kuzilemea. Usiku ule ule rafiki yake alituma ujumbe bila jina unaoeleza jinsi ya kuuzuia, lakini ulichelewa kwa zaidi ya siku nzima kuwafikia wengi, maana njia ya barua pepe ambayo ungepita ndo ilikuwa imezidiwa na watu wamezima seva zao kujiokoa. Dawa ilikuwepo na barabara haikuwepo. Mwezi huo huo ikaundwa CERT kule Carnegie Mellon, kituo cha kupokea taarifa na kuunganisha watu, na timu nyingi za kukabiliana na matukio unazozisikia leo zimefuata mfano huo.

Namba za simu za timu, za mtoa huduma ya intaneti na za timu ya taifa ya matukio ya kompyuta ziwe kwenye karatasi. Si kwenye seva. Kuwe na grupu la meseji ambalo halitegemei paswedi za ofisini, na mkihisi mvamizi yuko ndani msijadili mipango yenu kwenye barua pepe ya hapo hapo, anasoma. Msemaji atoe taarifa kwa muda aliouahidi, kila nusu saa au kila saa, hata kama taarifa yenyewe ni "bado, tunafuata kitu fulani", kwa sababu watu wasipopewa taarifa wanakuja wenyewe kusimama nyuma ya fundi.

Mkigundua udhaifu kwenye programu ya watu wengine msiurushe hadharani siku hiyo hiyo. Mwandikieni mwenye programu kimya kimya, mkubaliane muda. Dan Kaminsky alipogundua kasoro kubwa kwenye DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, mwaka 2008 watengenezaji walikutana kwa siri mwezi Machi na wakatoa marekebisho kwa pamoja Julai 8, washindani kabisa kwa siku moja. Inawezekana.

Moto ukishazima

Ndani ya siku mbili tatu kaeni na lile faili. Msitafute mchawi. Mkianza na "nani kafanya" mtu ajae atakaekosea ataficha, na aliyeficha ndo anaeua timu. Ulizeni kwanini wakati ule ilionekana kwake ni sawa kufanya vile: skrini zilifanana? maelekezo yalikuwa ya zamani? alikuwa zamu ya saa ngapi? Usafiri wa anga Marekani wana mfumo unaoendeshwa na NASA tangu 1976 ambapo rubani anaripoti kosa lake na jina lake linaondolewa, na ripoti zinaingia mpaka leo kwa sababu watu wanaamini hawatachinjwa. Yule mwenzetu wa fimwea alisema mwenyewe mbele ya wote kwamba ni yeye, na tulichobadilisha ni fomu, saivi fimwea inaandikwa kwenye orodha ile ile ya mabadiliko ya programu, mwanzoni haikuwa na sehemu yake.

Kila jambo mlilokubaliana liwe na jina la mtu na tarehe, lisilo na hivyo lifuteni tu maana halitafanyika.

Alafu thibitisheni kwamba mmeponya kweli. Sisi tuliirudisha fimwea ya zamani, na kabla ya hapo tuliitega kwa makusudi: bekapu kubwa ikimbie wakati kontrola inajikagua diski zake, ikagoma mchana mbele ya macho yetu, tukarudia ikagoma tena. Ndo tukaelewa kwanini kusimamisha bekapu peke yake saa 02:28 hakukusaidia, ikishakwama imekwama. Baada ya kurudisha toleo la zamani tukaitega vile vile mara kumi na haikugoma.

Kama shida yenu haitegeki na inakuja tu inapotaka, basi subirini mara tatu ya muda unaokaa kati ya tukio na tukio. Ikiwa inakuja wastani kila siku 11, kimya cha siku 11 hakijathibitisha kitu, kimya cha siku 33 kinamaanisha uwezekano kwamba ni bahati tu umebaki kama tano kwa mia. Tiketi yetu, yani rekodi ya hilo tatizo, tuliiacha wazi siku hizo 33 zote, na kila asubuhi mtu wa zamu anaandika mstari mmoja wa foleni ya diski, ya 34 ndo ikafungwa.